Kabla Taa ya Hita Haijazima

Mimi nina hasira za karibu. Nasema mapema ili mtu asije akanionea huruma kabla hajanijua. Marehemu mama yangu alikuwa akisema Hashimu akikasirika atamwaga hata ndoo ya maji aliyoichota mwenyewe mtoni. Ndivyo nilivyofanya mwezi wa sita mwaka huu, ila nilichomwaga hakikuwa maji.

Kazi yangu ni kubeba mboga. Nina Kenta moja, na kwa miaka kumi na mmoja nimeshusha nayo kabichi, karoti na viazi kutoka Magamba na Lukozi mpaka Tanga mjini. Kwa miaka hiyohiyo mke wangu Rahma hakuwa na usafiri mwingine. Arusi, msiba, maulidi ya kwao Vuga, kote alipanda Kenta, miguu juu ya kreti la nyanya, mkoba mapajani. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumbana kwenye kiti kile isipokuwa magunia.

Watu wa Vuga mnawajua. Wafalme wa Usambara waliketi pale zamani, na ingawa leo ni kijiji cha mahindi na migomba kama vijiji vingine, hata mwenye jembe moja anatembea kama zumbe, chifu wa Kisambaa, anayekwenda kusikiliza kesi. Mwezi huo wa sita tulikwenda arusi ya mdogo wake Rahma. Alishuka kwenye Kenta akiwa na baibui jipya, na mgongoni, bila yeye kujua, jani zima la kabichi limemganda. Shangazi yake alilibandua mbele ya wanawake wote, akaliinua juu.

"Rahma, mwanangu, mumeo kakuleta arusini au kakuleta sokoni?"

Walicheka mpaka waliokuwa jikoni wakatoka kuuliza kuna nini. Rahma naye alicheka. Lakini wakati wa kurudi hakusema neno mpaka tulipofika Soni, na hapo akasema taratibu tu, "Siku moja, Hashimu. Siku moja tu nifike kwetu kama mke wa mtu, nisifike kama mzigo."

Halikuwa tusi. Leo najua halikuwa tusi. Siku ile nilikuwa nimetoka kumwaga nusu ya shehena iliyooza, na sikio langu lilisikia lilichotaka. Tulipofika nyumbani Magamba nilikuwa nimeshapandisha moto wote. Nikamwambia aende kwa atakayembeba vizuri. Nikamwambia nimemwacha, talaka moja.

Rahma alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kukohoa. Dini inataka mke akae eda nyumbani kwa mumewe, lakini huku kwetu mwanamke akishatamkiwa anarudi kwao, na mimi sikumzuia. Alikunja nguo zake, akafagia jiko, akasimama mlangoni.

"Nitakaa eda kwetu. Ukitaka, njia unaijua."

Asubuhi ya pili hasira zilikuwa zimekwisha, kama kawaida yake. Nilijua sheria, au nilidhani naijua: talaka moja ina kurejea. Eda ikiwa haijaisha, mume humrudisha mkewe bila mahari mapya, bila arusi. Nilishika simu mara tatu. Mara zote nikaliona lile jani la kabichi. Nikajiambia, nitampigia nimwambie nini? Njoo nikupakie kwenye Kenta ileile? Hapo ndipo lilipoingia wazo lililoniponza. Nikaamua nitamfuata Rahma kwa gari ambalo Vuga nzima itatoka nje kulitazama.

Fundi Sefania wa Lushoto mjini ndiye aliyenielekeza Bumbuli. Alisema kuna mama mjane wa Kilutheri, mumewe alikuwa meneja wa shamba la chai, ameacha Benzi imekaa bandani.

"Ya dizeli," akasema Sefania. "Wewe mtu wa Kenta huwezi kuamini petroli. Benzi ya dizeli, Hashimu, ni Kenta iliyosoma."

Tulilikuta chini ya turubai. Lilikuwa la buluu iliyokoza, refu, limetulia kama ng'ombe mnene aliyelala. Mwenyewe, Mama Paskalina, alitufungulia mlango. Deshibodi ilikuwa ya mbao iliyong'arishwa, viti vya ngozi ya rangi ya chai ya maziwa. Viti vya nyuma vilikuwa bado vimevikwa plastiki aliyovivisha marehemu mwenyewe alipovishona upya.

"Hakuitoa?" nikauliza.

"Alikuwa anangoja barabara itengenezwe, vumbi lipungue," akasema Mama Paskalina. "Aliniambia siku hiyo ndiyo nitakaa nyuma kama mke wa bosi. Nilikaa mara mbili, zote tukienda hospitali."

Ningekuwa na akili ningeyapa maneno hayo thamani kuliko gari lenyewe. Mimi nilikuwa nakagua matairi.

Kisha akanifundisha kuliwasha. Kenta yangu ni ya pampu kuukuu, unaikanyaga inakohoa inaamka. Hili lilikuwa na adabu zake. Unazungusha ufunguo nusu, inawaka taa ndogo ya njano iliyochorwa kama waya uliojikunja, hiyo ni hita, inapasha moto ndani ya injini. Unangoja. Ikizima ndipo unawasha.

"Usilifanyie haraka asubuhi za baridi," akasema. "Mzee wangu alikuwa anasema Baba Yetu mpaka mwisho."

Niliuza shamba langu la viazi la Lukozi, nikalichukua gari.

Nataka nikiri kitu, maana bila hiki hadithi yangu itakuwa ya uongo. Nililipenda gari lile. Siku nilipolitoa Bumbuli, kwenye zile kona za katikati ya chai, nilicheka peke yangu kama mwehu. Mtu aliyeendesha Kenta miaka kumi na mmoja mgongo wake umeshasahau kwamba barabara inaweza kupita chini bila kumpiga. Dizeli yake ilikuwa ileile ninayoijua, dukudukudu, lakini ukifunga vioo inakuwa mbali, kama mtu anatwanga nyumba ya tatu. Ukikanyaga, haliruki. Linafikiri kidogo, halafu linakwenda, na mlima unainama wenyewe.

Nilifika Soni siku ya gulio. Wauza magimbi waliacha magimbi. Mzee mmoja alizunguka mara mbili akauliza kama nimemleta mbunge. Nikashusha kioo, nikaegemeza kiwiko nje, nikacheka nao. Nilirudi gulio lililofuata, na lililofuata tena. Kila nilipopita nilijiambia haya ni mazoezi, nazoea kona, siku ya siku nisimtikise Rahma. Ile plastiki ya nyuma sikuigusa. Niliapa ataivua yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya shangazi yake.

Ukutani kwangu kuna kalenda ya duka la pembejeo. Nilizungushia duara siku niliyotamka, nikahesabu miezi mitatu, nikazungushia duara jingine mwezi wa tisa. Nikaona nina nafasi ya kutosha. Kila Sefania aliponiambia kuna kitu cha kurekebisha nilimjibu haraka haraka haina baraka, na kwa kweli baraka nilikuwa naziona, kila nikilifuta vumbi nauona uso wangu mlangoni.

Wiki ya saba tangu nitamke talaka nilikwenda kulijaribu mlima wa Vuga. Nilipanda vizuri mpaka kona ya mwisho, chini kidogo ya nyumba ya baba mkwe wangu, Mzee Sharifu. Pale likatoa moshi mweusi nyuma, mzito, kama wanachoma matofali. Nikamsikia shangazi masikioni kabisa: Rahma, mumeo kaja na tanuri? Nikageuza palepale. Sefania akasema ni nozeli, zile za kupuliza dizeli ndani ya injini, akaagiza Dar es Salaam.

Wiki ya nane nikapanda tena. Moshi ulikuwa umekwisha. Nikasimama kwenye kona ileile, nikashuka nikalizunguka, nikalipangusa. Kioo cha nyuma kushoto kilikuwa hakishuki. Kushoto ndipo nilipopanga akae, upande wa nyumba za watu, ashushe kioo aitikie salamu. Nikasema, aa, kwa kioo tu? Halafu nikasema, ndiyo, kwa kioo. Amengoja miaka kumi na mmoja, asije akapata pungufu. Nikageuza.

Kioo kilitengemaa mwishoni mwa mwezi wa nane. Nilikuwa na siku kumi mkononi kwa hesabu yangu, na nilijisifu kwamba kwa mara ya kwanza maishani nimewahi. Nilivaa kanzu. Nilinunua doti mbili za kanga na sukari ya mama mkwe. Adhuhuri nilipita ile kona bila kusimama, nikaingia uani kwa Mzee Sharifu, na kweli watoto walikuja mbio, na wanawake walisimama kwenye migomba wakitazama. Nilipiga honi moja, fupi, ya adabu.

Mzee Sharifu alitoka na barakashia yake mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Onga mshi, Hashimu," akaongeza salamu ya mchana ya Kisambaa. Alilitazama gari, akanitazama mimi, akavaa barakashia. "Pita ndani."

Tuliketi sebuleni. Mama mkwe wangu, Bi Salama, alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha ndani, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Nilimwamkia kwa sauti, akaitikia. Nikaeleza shida yangu kama nilivyojipanga njia nzima. Kwamba nilikosea. Kwamba hasira ni hasara. Kwamba nimekuja eda haijaisha, tena zimebaki siku kumi, kumrejea mke wangu, na wao wawili wawe mashahidi.

Mzee Sharifu akainamisha kichwa.

"Siku kumi umezitoa wapi?" Bi Salama akauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Nimehesabu, mama. Eda ya aliyeachwa ni tatu. Tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani tunajua."

"Tatu za nini, mwanangu?"

"Miezi."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Miezi ni ya mwanamke aliyekatika hedhi, kama mimi. Rahma bado anaziona siku zake. Yeye anahesabu twahara, siku za usafi baina ya hedhi na hedhi. Akizimaliza tatu, amekwisha. Hesabu hiyo haipo kwenye kalenda, Hashimu. Anayo yeye."

"Na amemaliza?"

"Wiki mbili sasa," akasema Mzee Sharifu, kwa upole ulionichoma kuliko angenifukuza. "Juzi Jumanne zilitimia wiki mbili."

Unaweza kuwa mtu mzima, una ndevu zenye mvi, umesoma chuo, ukawa umebeba kichwani neno nusu miaka arobaini. Mwalimu alisema tatu. Sisi wavulana tukajaza wenyewe kilichobaki, tukatoka kwenda kucheza mpira. Hakuna aliyerudi kuuliza tatu za nini.

"Baba," nikasema, "wiki ya nane nilikuwa hapo chini. Kwenye kona."

"Wiki ya nane eda ilikuwa bado. Mwanangu, hata kufika hakukuwa lazima. Ungetamka tu huko uliko, mbele ya watu wawili, ukatupigia simu. Neno moja. Nimekurejea. Ingetosha."

Rahma akaingia. Alikuwa amejitanda vizuri, kama wanavyojitanda wanawake mbele ya mwanamume wa kando, na hilo lilinionyesha kila kitu kabla hajaketi. Aliketi kwenye mkeka karibu na baba yake.

"Nimekurejea," nikasema. Nilijua halina maana tena. Lilinitoka tu.

Rahma alikaa akipanga upindo wa kanga yake kwenye goti, na alipozungumza alizungumza kama anayemsimulia mwingine.

"Siku ya kwanza nilikuwa napepeta mahindi. Nikasikia gari linapanda. Nikamwambia mama, yule Hashimu. Mama akasema hiyo siyo Kenta. Nikamwambia gari silijui, lakini mguu naujua. Unapunguza gia mara mbili kabla ya kona, unanyamaza kidogo, halafu unakanyaga. Miaka kumi na mmoja nimebandika chai kwa sauti hiyo. Nikabandika chai. Nikavaa, nikaweka begi mlangoni, nikakaa juu yake. Ukageuza."

"Lilitoa moshi, Rahma."

"Mara ya pili sikubandika chai. Nilikwenda nikasimama kwenye migomba. Nikakuona umeshuka. Umelizunguka, umelipangusa kwa kitambaa, taratibu, kila mlango. Ukatazama huku juu kwetu. Ukaondoka. Na watu waliotoka gulioni Soni wanasema Hashimu kanawiri, yuko kwenye Benzi anacheka. Nikasema basi. Mtu kaja kunionyesha alivyopona."

Nilimweleza kioo. Nilieleza nozeli, plastiki, shangazi, jani la kabichi, nikachanganya mambo kama mgonjwa wa homa. Nilisema nitaleta posa upya, mahari yoyote. Nililia mbele ya baba mkwe wangu, nikiwa na kanzu yangu nyeupe, na sikuona aibu. Rahma naye machozi yalimtoka, lakini hayakubadili sura yake.

"Nilikungoja kila siku ya eda ile," akasema. "Nikaimaliza kwa kungoja. Sina kungoja kwingine kulikobaki. Ungekuja na Kenta, kaka Hashimu. Ungekuja na kabichi zako."

Aliniita kaka. Miaka kumi na mmoja alikuwa ananiita Hashimu, na akifurahi, mume wangu wa kabichi.

Ilikuwa siku yake ya safari. Mama yake mdogo ana mgahawa Tanga, alikuwa anakwenda kukaa naye. Begi lilikuwa tayari, lilelile, na walikuwa wanangoja bodaboda wawili wa kuwashusha Soni kwenye basi. Mzee Sharifu akakohoa, akasema kama sitaona vibaya, yeye na mama yake wangemsindikiza mpaka Soni, na gari lipo. Nikasema sitaona vibaya.

Mzee Sharifu alikaa mbele, kushoto kwangu. Rahma na Bi Salama, ambaye alijifunika uso kwa sababu yangu, walikaa nyuma. Nilisikia plastiki ikilia walipokaa. Nikazungusha ufunguo, nikashusha macho kwenye taa ya hita, ikazima mara moja kwa sababu injini bado ilikuwa ya moto. Nikaondoa gari.

Vuga ilitoka nje. Nilivyokuwa nimeota ndivyo ilivyokuwa, hakuna kilichopungua. Watoto walikimbia pembeni, wazee walisimama, na shangazi alikuwa njiani na jembe begani. Rahma alishusha kioo cha kushoto. Kilishuka vizuri, bila kukwama.

"Rahma!" shangazi akaita. "Leo umetoka, mwanangu! Leo umetoka kweli!"

"Ahsante, shangazi," Rahma akaitikia, akampungia mkono.

Nilikuwa namtazama kwenye kioo cha ndani, vipande vipande kila kona ilipoturuhusu. Mara moja nilimwona ameweka kiganja kwenye kiti, akashika ukingo wa ile plastiki kwa vidole viwili, pale inapochanika kirahisi. Nilishikilia usukani. Akaiachia.

Soni basi lilikuwa limeshapiga honi ya pili. Nilimbebea begi mpaka mlangoni pa basi. Hakuniruhusu nilipandishe.

"Ni gari zuri," akasema. "Lina mwendo mzuri. Ahsante, kaka Hashimu."

Niliwarudisha wazee wake Vuga, nikaenda nyumbani. Hiyo ilikuwa mwezi wa nane. Watu wananiuliza kama nitaliuza. Mama Paskalina alinitumia salamu akauliza linaendeleaje, nikamjibu linaendelea vizuri, na ni kweli, halina tatizo lolote. Mboga nashusha kwa Kenta. Benzi naliwasha kila asubuhi ili betri isife, halafu nalizima. Plastiki ipo palepale.

Magamba asubuhi kuna baridi, ukungu unakaa mpaka saa tatu. Injini inakuwa ya barafu, na taa ya hita inachukua muda wake. Nakaa nimeshika ufunguo, naitazama. Mzee wa Bumbuli alikuwa anasema Baba Yetu yote mpaka mwisho. Mimi nasema lile neno langu, polepole kadiri ninavyoweza, nikitamka kila silabi. Nimekurejea, Rahma. Nimelijaribu kila namna. Hata niliseme mara tatu, linaisha kabla taa haijazima.